Mbeleko ya Kufunika Kilima

Anayetaka kuuliza nchi ya Upokezi iko upande gani wa ramani, aulize sasa na ajijibu mwenyewe, kwa sababu hadithi hii ikishaondoka haimsubiri mtu. Shaweji mwenyewe hajui alifikaje. Anachojua ni kwamba asubuhi moja yeye, mchuuzi wa sufuria pale sokoni Korogwe, kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama yake aliamua kutoziulizia, alijikuta amesimama mbele ya mkate.

Tuseme vizuri: alikuwa amesimama chini ya mkate. Ulikuwa mrefu kuliko ghala la mahindi, unafuka mvuke, na waokaji walikuwa wanaupanda kwa ngazi, kila mmoja na koleo begani, kwenda kuumwagia ufuta. Pembeni yake kulikuwa na kiti kilichopinduliwa, miguu yake minne imeelekea juu kama nguzo za umeme, na kwenye kila mguu fundi amejifunga kamba kiunoni anaupiga msasa. Mbele zaidi, kundi la vijana wenye nguvu walikuwa wanakisukuma kitu cha mviringo barabarani, wanahema, wanaimba. Kilikuwa kifungo cha shati.

Shaweji, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu aachishwe ziwa, alitazama juu mpaka kofia ikamdondoka, na hakusema kitu.

"Mgeni," ilisema sauti nyuma yake. "Karibu Ufundini. Mikono nyuma."

Aligeuka akamwona mzee mnene aliyevaa joho lililochorwa viganja kifuani. Huyo alikuwa Bwana Kitwana, Mkuu wa Mikono, na tayari alikuwa ameshika ukambaa.

"Shikamoo. Nimekosa nini, mzee wangu?"

"Marahaba. Hujakosa. Ndiyo maana tunakufunga mapema."

Akamfunga viganja mgongoni, taratibu, kwa adabu zote, huku akimweleza sheria za nchi. Upokezi ina pande mbili. Huku ni Ufundini, wanakotengeneza. Kule ni Ulajini, wanakotumia. Fundi na mlaji hawaruhusiwi kuonana, kupeana kitu wala kupelekeana neno. Katikati yao kuna Mkono Mrefu: safu ya watu waliosimama bega kwa bega, kuvuka milima na mito, wanaopokezana kila kitu kinachotengenezwa. Na kila mkono, kwa haki yake, unachukua kionjo.

"Kionjo ndiyo nini?"

"Kidogo tu. Kwenye mkate, tonge. Kwenye kiti, takataka ya randa. Kwenye kitambaa, uzi mmoja. Uzi mmoja kwenye kitambaa ni nini, kijana? Si kitu."

"Na oda zinakujaje huku?"

"Kwa mikono hiyohiyo. Mlaji anasema anataka nini, na kila mkono unaongeza kidogo ili kionjo chake kipatikane. Kidogo tu."

Shaweji akautazama tena mkate. "Mzee, mikono yenyewe iko mingapi kwa jumla?"

Kelele za msasa zilikatika. Fundi mmoja alishuka kwenye mguu wa kiti. Mama aliyekuwa anapita alimziba mwanawe masikio.

"Kijana," alisema Bwana Kitwana kwa sauti ya chini, "hapa hatujumlishi. Kujumlisha ni utovu wa adabu. Kila mtu anakijua kionjo chake, inatosha."

"Basi yaishe, mzee. Lakini hao walaji ni watu wa namna gani?"

"Majitu."

"Umeshawahi kumwona hata mmoja?"

"Nitamwonaje? Ila akili unayo. Mtu anayeagiza kiti cha hivi, makalio yake unafikiri yakoje?"

Shaweji alitaka kucheka, lakini waokaji wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaoishi jirani na kitu kikubwa mno.

Ndipo alipokiona kilima. Kilikuwa kimefunikwa. Kitambaa chekundu chenye mistari ya njano kilikuwa kimetandazwa kutoka kileleni hadi bondeni, kikateremka upande wa pili, na upepo ulipokipita kiliinuka na kushuka kana kwamba kilima kinapumua. Kwenye ukingo wake, mbele ya kitanda cha kufumia chenye urefu wa barabara, alikaa mwanamke mfupi mwenye miwani, anafunga nyuzi za mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usikanyage pindo."

"Hili ni hema la sherehe?"

Yule mama alimtazama juu ya miwani. "Mbeleko," alisema. "Ya mjukuu wangu."

Aliitwa Bi Chausiku. Binti yake wa pekee, Somoe, aliolewa Ulajini. Bibi harusi naye hupita kwenye Mkono Mrefu kama mzigo mwingine, na kila mkono ulichukua kionjo chake kwake: huyu bangili, yule ushanga, na vilipokwisha vya kuvaa wakaanza kuchukua maneno.

"Alikuwa na mdomo mwanangu, wewe huoni ndani. Angekutania wewe na ukambaa wako mpaka ulie. Sijui kafika na maneno mangapi." Bi Chausiku alikaza uzi. "Sasa mwezi ule imekuja oda. Mbeleko ya kufunika kilima. Nikaketi chini. Nikasema, kama mbeleko ni ya hivi, basi mtoto ni wa namna gani? Na kama mtoto ni wa hivyo, mwanangu mimi, kiuno chake unakizungushia mikono ikabaki, huyo mtoto alimzaaje?"

Shaweji alikipima kilima kwa macho, kutoka kileleni hadi bondeni.

"Sitaki kingine," alisema Bi Chausiku. "Nataka kujua kama yuko hai. Na mtoto ana ukubwa gani. Basi."

"Mimi naelekea hukohuko, mama. Nitamuuli..."

"Hutamuuliza mtu!" Bwana Kitwana alikuwa ameshafika, joho linapepea. "Mgeni hutokea lango la Ulajini na harudi huku. Wala habebi neno. Neno likikutwa kwa mgeni, haadhibiwi mgeni, anaadhibiwa mwenye neno. Kitanda hiki kitavunjwa kuni, na huyu mama atahamishwa. Umesikia?"

Shaweji alimtazama Bi Chausiku. Alikuwa ameinamia nyuzi zake, lakini vidole vilikuwa vimesimama.

"Nimesikia," alisema Shaweji.

Basi mbeleko ikaingia kwenye Mkono Mrefu, na Shaweji naye akaingizwa nyuma yake, maana mgeni pia hupokezanwa. "Pokea!" "Nimepokea!" "Pokea!" "Nimepokea!" Alisukumwa taratibu kutoka kiganja hadi kiganja, na kwa kweli, tukiacha utani, hajawahi kuona kitu kama kile tena maishani. Safu ilipanda mlima mpaka ikaingia mawinguni. Pale mto ulipokatiza, watu walisimama majini hadi kifuani, na nyuma yao walisimama watu wa kuwashika wasichukuliwe na maji. Juu ya vichwa vyao vitu vyote vya nchi vilikuwa vinaelea: vitanda, masanduku, mitungi, kengele, na ile mbeleko nyekundu ikitiririka polepole kama mto wa pili uliopanda mlima. Hakuna kilichogusa ardhi. Hakuna aliyekimbia. Sauti ya "pokea" ilipita kutoka bonde hadi bonde mpaka mtu akahisi nchi yenyewe ndiyo inayonena.

Na nguo zao! Kila mmoja alivaa shati lililoshonwa kwa nyuzi za vionjo, uzi mmoja kutoka kila kitambaa kilichowahi kupita mikononi mwake, hivyo hapakuwa na rangi ambayo haikuwepo. Jua lilipowapiga, safu nzima iliwaka.

"Mmependeza," Shaweji aliuambia mkono uliompokea, kijana wa rika lake aliyejitambulisha kwa jina la Ngwali.

"Tunajitahidi. Nafasi hii ilikuwa ya babu. Hajawahi kudondosha kitu, na mimi sijadondosha."

"Na ule mkate unaishia wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele kwa huyu wa kulia kwangu. Baada yake sijui, ni mambo ya watu." Ngwali aliivuta mbeleko, akachomoa uzi mmoja mwekundu kwa upole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akauweka kifuani. "Nzuri hii. Fundi wake ana mkono."

Shaweji alitaka kumcheka, halafu akazikumbuka sufuria zake. Yeye naye huzitoa kwa mwenye duka, huzipeleka kwa mama lishe, na katikati anakula chakula cha mchana. Akameza kicheko.

"Kaka, pua inaniwasha. Nikune."

Ngwali akamkuna. "Na kionjo changu?"

"Kwa kunikuna pua?"

"Mkono ni mkono."

Ikabidi aachie kifungo cha shati kichomolewe. Mkono wa mbele nao ulidai chake, na uliofuata pia, mpaka shati likawa wazi kifuani. Vifungo vilipokwisha wakamwambia alipe kwa alichonacho kwa wingi. Shaweji akaanza kutoa vichekesho. Mkono huu ulipewa kile cha mbuzi na mkaguzi wa shule, ule ukapewa cha bwana harusi aliyesahau bibi harusi gesti. Ajabu ni kwamba akishakitoa hakukumbuka tena kilivyoanza wala kilivyoishia. Aliona tu watu wanacheka nyuma yake, bonde zima, kwa kitu ambacho hakuwa nacho tena.

Kileleni kulikuwa na Baraza la Viganja, na lilikuwa limeketi. Lalamiko lilikuwa limetoka Ulajini kwamba vitu vya watoto vinafika watoto wakiwa wameshaota ndevu. Mjumbe mmoja akasimama akapendekeza mkono mmoja upunguzwe. Makofi yalipigwa mpaka ndege wakaruka.

"Upi?" aliuliza mwenyekiti.

Makofi yalikatika.

"Usiwe wangu," alisema mzee wa mbele. "Mimi ndiye ninayeugeuza mzigo kulia. Nikiondoka nani ataugeuza?"

"Wala wangu," alisema jirani yake. "Mimi ndiye ninayeurudisha kushoto."

Walijadiliana kwa heshima kubwa, hakuna aliyemkatiza mwenzake, na hoja zilikuwa nzito kiasi kwamba Shaweji mwenyewe alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Mwishowe wakaafikiana: kati ya yule anayegeuza kulia na yule anayerudisha kushoto uongezwe mkono mmoja, wa kusimamia upunguzaji. Shaweji akacheka kwa sauti. Kicheko kikachukuliwa hapohapo kama kionjo, na akateremshwa upande wa pili wa mlima akiwa hana hata tabasamu la akiba.

Kadiri walivyoshuka, vitu vilikuwa vinanywea. Hakuna aliyeona vikinywea, kwa sababu kila mtu aliona uzi mmoja. Ule mkate uliokuwa ghala ukawa chumba, chumba kikawa kabati, na langoni mwa Ulajini mwanamume mmoja aliupokea, akautia kwapani, akaenda zake kunywa chai. Kile kiti kilifika kigoda, na bibi mmoja akakikalia palepale, kikamtosha kana kwamba alipimwa. Shaweji alisimama mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kuona upuuzi, na alichokiona ni kitu kilichotoka nyuma ya mawingu, kikapita mikononi mwa watu wasiojuana, kikafika kwa kipimo kilekile alichokiomba bibi.

Walaji nao walikuwa watu wa kawaida, wenye kimo kama chake. Afisa wa lango, mwembamba, mwenye joho la viganja, alimpokea na kuandamana naye.

"Umetoka kwa mafundi," alisema Afisa. "Hukuwakanyaga?"

"Niwakanyage vipi?"

"Si ni wadogo! Wa kidole gumba. Mtu anayetengeneza kigoda kidogo vile, yeye mwenyewe atakuwaje? Wake zetu huacha makombo ukutani, maskini ya Mungu, wapate kula."

Shaweji alifungua mdomo kujibu kwa mzaha, akakuta hakuna mzaha. Kile cha mwisho kilichukuliwa karibu na lango, na alikuwa hata hakikumbuki.

Mbeleko ilikuwa ya nyumba ya mtu aliyeitwa Hatibu, mume mpole mwenye unga wa mahindi kwenye nyusi, na Shaweji akaomba kuiona inapofika. Afisa hakuona ubaya. Alikwenda naye, jicho kwenye ukambaa, sikio kwenye mdomo wake. Mkono wa mwisho ulikuwa mlangoni. Ukachomoa uzi wake, ukaikunja, ukampa mwanamke aliyesimama ndani ya kizingiti na mtoto kifuani.

Somoe alikuwa hai. Mwembamba, macho makubwa, kiuno cha kuzungushiwa mikono ikabaki. Na mtoto alikuwa mtoto: kichwa kama chungwa, ngumi mbili, hasira kidogo. Jibu la Bi Chausiku lilikuwa pale mbele yake, zima, na hakuwa na njia ya kulirudisha.

Somoe aliinusa mbeleko. Akafuata mstari wa njano kwa kidole hadi penye pindo, kidole kikasimama, na machozi yakamtiririka bila sauti.

"Mke wangu hana maneno mengi," alieleza Hatibu, kama anayeomba radhi. "Alitoka Ufundini. Naona ni katika wale warefu wao. Alifika na 'ndiyo' na 'asante', na nadhani ana jingine moja, lakini hajawahi kulitoa. Analificha."

Kwa mila ya Ulajini, mtoto hatoki nje ya nyumba kabla ya mbeleko yake kufika. Sasa ilikuwa imefika, na ilitosha kabisa, haikupungua wala kuzidi. Somoe akamfunga mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza wakatoka naye hadi uani, nyuma ya nyumba, penye ukuta wa mwisho wa mji.

Kutoka nyuma ya ukuta ulikuja mlio: tak, tak-tak, tak.

"Mchwa," alisema Hatibu. "Kila siku. Wataumaliza ukuta."

Shaweji aliinua macho. Juu ya ukuta zilichungulia nguzo nne, zimeelekea mbinguni. "Na ile nini?"

"Minazi iliyokauka. Ipo siku zote, wakati mwingine inaondoka, inaota mingine."

Ilikuwa miguu ya kiti kingine kilichopinduliwa. Shaweji alilitazama jua, akautazama mlima aliotoka, akaelewa. Safu yote ile, mito yote ile, mawingu na mabonde, ilizunguka mlima na kurudi palepale. Ile tak-tak ilikuwa ya kitanda cha kufumia: Bi Chausiku alikuwa hapo. Unene wa ukuta, basi. Alikuwa amekaa mbele ya kitanda chake anafuma kitu kwa ajili ya jitu, anajiuliza kama mwanawe alikufa uzazini.

Angepiga kelele tu. Neno moja. Lakini Afisa alikuwa begani kwake, na neno moja lingekifanya kile kitanda kuni. Mikono ilikuwa mgongoni. Vichekesho vilikwisha. Hata kicheko kilibaki mlimani. Alijikagua mwili mzima akitafuta kitu ambacho nchi ile haikukifunga wala kukionja, na akakuta uso.

Akamsogelea mtoto. Akatoa macho. Akavuta mashavu ndani, akapandisha pua, akatoa ulimi akaukunja hadi kidevuni, sura ambayo shuleni ilimfanya mwalimu wa zamu amfukuze gwaride.

Mtoto akacheka.

"Mungu wangu," alinong'ona Shaweji. "Siyo leo."

Akaongeza. Akakunja uso wote kama kitambaa kinachokamuliwa, meno nje, shingo imetoka mishipa. Mtoto akamtazama. Mdomo ukatetemeka. Halafu akaujaza uwanja kilio, chembamba, kikali, cha mtoto mchanga asiyejua kwamba kuna ukuta.

Tak, tak-tak.

Kimya.

Mtoto alivuta pumzi, akalia tena. Na kutoka ng'ambo, kwa sauti iliyopasuka katikati, mtu akasema:

"Kadogo!"

Hatibu aliruka hatua nyuma.

"Kadogo! Jamani, ni katoto! Ni katoto kadogo!" Mtu yule alikuwa anacheka, analia, anagonga ukuta kwa viganja vyote viwili. "Somoe! Uko hai, mama? Somoe!"

Afisa alimgeuza Shaweji, akaukagua ukambaa. Haukulegea. Akamwangalia mdomoni. Haukusema neno. "Nani ameleta sauti hii?" alifoka. "Imepita mkono gani?" Watu wa mikono ya mwisho walikuwa wamekusanyika mlangoni, na kila mmoja alivitazama viganja vyake, mbele na nyuma, kama mtu aliyedondosha kitu kwa mara ya kwanza maishani.

Somoe alikuwa ameukumbatia ukuta, mtoto analia mgongoni ndani ya mbeleko nyekundu. Akafungua mdomo. Neno lile alilolificha chini ya ulimi, milima yote ile, mkono kwa mkono, likatoka.

"Mama!"

Kwa mazoea, Afisa alinyoosha kiganja hewani kuchukua kionjo. Akakifumba. Akakifumbua, akakitazama. Hakikuwa na kitu. Neno lilikuwa limeshapita, lote.